Kiwanja Alichosikia Babu

Ngurumo ile ilianza kusikika watu wakiwa bado wanakunywa uji: nyembamba, ya kukoroma, ikizunguka juu ya mawingu ya masika kama nyuki aliyepotewa na mzinga. Hakuna aliyeona kitu. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye vichwa vya minazi ya Temeke, na mvua ilikuwa ile ya rasharasha, isiyomlowesha mtu kwa pupa lakini haimwachi. Ngurumo ikaenda upande wa Kurasini, ikarudi, ikashuka hata makuti ya paa yakatetemeka, kisha ikapanda na kufifia upande wa kaskazini. Yakabaki matone ya mchirizini.

Jamali alitoka barazani kuiaga. Alisimama matopeni kifua wazi, akapunga mkono kuelekea mawinguni, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu kwamba hiyo ndiyo adabu: mgeni asiyepiga hodi hurudi alikotoka. Majirani wakacheka. Walikwisha mzoea. Alikuwa kijana wa maneno makali na mikono mikali zaidi, kwa maana hapakuwa na mpiga ngoma wa kumfikia kuanzia Keko hata Mtoni, na yeye hakuwa mtu wa kulificha jambo hilo. Kundi la ngoma ya mdundiko lililoitwa Ndege lilikuwa la babu yake, likawa la mama yake, na sasa lilikuwa mikononi mwake.

Lakini kicheko chake cha asubuhi ile kilikuwa cha mtu anayejikaza. Ndani, nyuma ya pazia la kanga, mama yake Bi Tabu alikuwa amelala, shavu na mkono vimefungwa bendeji. Mbwa koko alimrukia akitoka kisimani, mbwa mwenye udenda na macho yaliyopotea, na vijana walipomuua kwa magongo kila mtu alijua ni ugonjwa gani. Hospitali walimsafisha majeraha, wakasema sindano zake hazipo mjini. Zimeagizwa, zikifika ataitwa. Wakasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba jeraha la usoni halisubiri kama la mguuni, na kwamba kichaa cha mbwa kikishampanda mtu hakuna tena la kufanya. Tangu siku hiyo Jamali alikuwa akimwomba Mungu meli ifike. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa haiji kwa meli.

Aliyekuja kumwambia alikuwa Adelard, karani wa kiwanja cha ndege, Mhaya wa Bukoba, mtu mrefu wa shati jeupe lisilokosa pasi hata mvua inyeshe vipi. Alitokea uchochoroni amekunja suruali mpaka magotini, na kwa sababu ya tope alikuwa ameibeba baiskeli yake begani.

"Karani," Jamali akamwita, "leo baiskeli ndiyo imekupanda?"

Adelard hakucheka. Aliitua baiskeli, akaamkia upande wa pazia kwa shikamoo ya taratibu, akaitikiwa. Kisha akamgeukia Jamali.

"Umeisikia ile ndege?"

"Nimeisikia. Na nimeiaga."

"Ilikuwa na dawa ya mama yako."

Majirani waliokuwa bado wanatabasamu wakatazama miguu yao.

Adelard alieleza yote akiwa amesimama mvuani, hakukubali kukaribishwa barazani. Kiwanja kilikuwa kimelegea. Magurudumu yangezama na ndege ingepinduka na kila kilichomo, kwa hiyo alitandika kile kitambaa cheupe cha msalaba kinachomwambia rubani asishuke, na rubani akatii, akarudi Tanga. Dawa ilikuwa kwenye vichupa vya kioo, haiwezi kutupwa kutoka juu. Mto Wami ulikuwa umefurika na kuikata barabara. Meli ya pwani ilikuwa bado wiki nzima. Rubani angejaribu tena kesho asubuhi, na akikuta kitambaa kimetandikwa angeirudisha dawa Nairobi.

"Aliyekitandika ni mimi," Adelard akasema. "Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu, usije ukalisikia kwa mtu."

Mkono wa Jamali ulikwisha kunja ngumi. Haukuwa na pa kuipeleka, kwa sababu mbele yake alisimama mtu aliyejileta mwenyewe.

Ili mtu aielewe ngumi ile, yafaa arudi nyuma mpaka siku kiwanja chenyewe kilipopatikana. Wakati huo Jamali alikuwa akitambaa. Makundi ya mdundiko yalikuwa mawili upande huo wa mji, Ndege na Papa, na ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, nani ana haki ya kuchezea ule uwanda mpana uliokuwa kati ya Temeke na Kurasini. Ndipo tarishi wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipokuja na kofia yake nyekundu, akamkuta babu yake Jamali anasuka mkeka, akamwambia kwamba Serikali imeutazama uwanda ule na imekata shauri uwe kiwanja cha ndege.

Babu aliuliza mara mbili. Tarishi akarudia mara mbili: kiwanja cha ndege. Mzee akainuka, akamkumbatia. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona Serikali yenye akili kama ile, iliyopima maneno ya watu wawili wagombanao na kumpa haki mwenye haki. Alimchinjia tarishi mbuzi. Kesho yake aliwatoa watu wake wote, wanawake kwa wanaume, wakafyeka, wakang'oa visiki, wakasawazisha vichuguu, bila kudai hata kikombe cha kahawa, wakiimba kwa sauti ya juu kila mtu wa Papa alipopita. Tarishi naye alirudi mjini kueleza kwamba watu wa Temeke ni watiifu ajabu. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Neno lilikuwa moja na masikio yalikuwa mawili.

Siku ya kuzindua, Ndege walikuja na ngoma zao zote, wamevaa lubega mpya, wakaanza kucheza katikati ya kiwanja. Kilichotokea juu kilikuwa na mbawa za turubai, kikiunguruma. Watu walikimbia mpaka Chang'ombe. Ngoma moja ilipasuliwa na gurudumu.

Papa walitunga wimbo jioni ileile. Ulikaa mdomoni mwa watu miaka zaidi ya ishirini:

*Ndege kajenga kiota, ndege wa chuma katwaa,*
*Mwenyewe nje anajuta, kwenye jua anakaa.*

Babu aliapa kwamba mguu wa mtu wa Ndege usikanyage pale tena, na aliufia uapo huo. Wajukuu wakaushika. Wakienda Kurasini kwenye kazi za bandarini walizunguka kiwanja kizima, hata kwenye jua kali, hata wakiwa wamebeba mizigo, na watu wa Papa waliokata katikati waliwapungia mikono. Kwa Jamali, kila ndege iliyotua pale ilikuwa inatua juu ya kichwa cha babu yake.

Sasa alisimama mbele ya karani wa kiwanja hicho, akauliza kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, "Kinataka nini kisimame?"

Adelard alisema kifusi cha changarawe kutoka Pugu kipo, kililetwa kabla ya mvua na vibarua wake wanaweza kukitandaza. Tatizo ni kushindilia. Lile pipa la chuma linalokokotwa na trekta lilikuwa limezama tangu juzi, limebaki mgongo tu kama kiboko. Bila kushindiliwa, changarawe juu ya tope ni sawa na mchele juu ya uji.

Jamali alikuwa akitazama uani kwake, kwenye kile kiwanja kidogo walichojifunzia ngoma. Mvua ilikuwa imekinyeshea tangu mwezi uandame, na maji yalikuwa yakiteleza juu yake kama juu ya sinia. Hakikuwahi kupigwa chuma, kilipigwa nyayo. Adelard alifuata macho yake, akakitazama kiwanja, akamtazama Jamali, akaelewa.

"Ngoma ndani ya mipaka ya mji bila kibali," Adelard akasema polepole, kama anayejisomea hukumu yake. "Tena juu ya ardhi ya Serikali. Bwana Mkubwa wangu amekwama ng'ambo ya mto, hakuna wa kumwomba."

"Sijakuomba kibali. Nimekuuliza, inatosha miguu mingapi?"

"Kile kiwanja ni kirefu, Jamali. Mingi kuliko mliyo nayo nyie."

Maana yake Papa. Wote wawili walilijua na hakuna aliyelitaja. Na hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia, nzito kwa sababu ya shavu lililovimba.

"Uapo wa baba yangu nitamjibia mwenyewe nikimfikia," Bi Tabu alisema. "Ila sina haraka ya kumfikia. Nenda kwa Romani."

Romani, mkuu wa Papa, alikuwa mtu mnene wa Mtoni, muuza kamba wabichi, mwenye kicheko kilichokuwa kikimtangulia sokoni. Jamali alimkuta barazani kwake anacheza bao na wazee wawili. Alitoa salamu, akasimama. Romani alimaliza mchezo wake bila kumtazama, akala kete za mwenzake, ndipo akauliza ni upepo gani umemwangusha ndege hata akafika kwenye maji ya papa.

Jamali alieleza shida yake. Hakuipamba. Alisema mama anakufa, dawa inakuja kesho, ardhi inataka miguu, na miguu iliyo mingi iko Mtoni. Wakati akisema, uso wa Romani ulibadilika, maana Bi Tabu alikuwa adui wa kuheshimiwa. Miaka mingi walitukanana kwa nyimbo, na mtu hutukanana hivyo na mtu anayempenda kidogo. Lakini Romani naye alikuwa na watu wa kuwajibu, na mkuu wa ngoma hawezi kutoka bure.

"Tutakuja," alisema. "Wote, na wake zetu. Kwa sharti moja. Wimbo wetu utauanzisha wewe."

"Wimbo upi?"

"Unaujua ni upi. Tena upige mwenyewe, ngoma ya babu yako, katikati ya kiwanja, na uuimbe wote mpaka mwisho bila kumeza neno."

Wazee wa bao waliacha kete mikononi. Damu ilimpanda Jamali mpaka masikioni. Angepewa wakati huo kuchagua kati ya kuuimba wimbo ule na kuchapwa viboko mbele ya soko, angevua shati. Lakini hakupewa hayo. Alipewa wimbo upande mmoja na mama yake upande wa pili.

"Niachie nipashe moto ngozi ya ngoma," alisema, akaenda.

Mvua ilikatika baada ya adhuhuri, kama iliyoombwa ipishe. Vibarua wa Adelard walikuwa wamekwisha anza kutandaza kifusi kwa majembe. Ndege walifika kwanza, wakasimama ukingoni, vidole vya miguu kwenye mpaka wa nyasi, hakuna aliyetaka kuwa wa mwanzo. Kisha Papa wakaja kutoka Mtoni, kundi lisilo na mwisho, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, Romani mbele akitweta. Wakasimama upande wa pili. Katikati palikuwa peupe.

Jamali alivuka. Waliokuwepo husema aliinua mguu kama mtu anayeingia maji ya baridi. Alipofika katikati alijifunga ngoma kiunoni, akaipiga mara moja kuonja sauti, akainua kichwa, akaimba.

*Ndege kajenga kiota, ndege wa chuma katwaa.*

Aliuimba wote. Hakuukimbiza, hakuuminya. Mtu mwenye fahari akiamua kujishusha hujishusha kwa fahari, na Jamali aliuimba wimbo wa aibu yake vizuri kuliko Papa walivyowahi kuuimba, hata wenyewe wakashindwa kucheka. Aliporudia mara ya pili, watu wa Ndege nyuma yake walikuwa wanalia. Na wimbo ulipokwisha hakunyamaza. Mkono ulikuwa umekwisha pata moto, na maneno mengine yakamjia yenyewe:

*Papa leo kaja bara, Ndege kashuka mtini,*
*Kanyaga pawe imara, mama asishuke chini.*

Romani aliupokea ubeti huo kwa kifua chake chote. Makundi mawili yakaingia kiwanjani kwa pamoja.

Mdundiko si ngoma ya kusimama mahali. Huenda mbele, bega kwa bega, kisigino kikipiga chini pamoja na ngoma, na mtaa mzima huweza kuufuata mpaka viatu vikaisha. Walikwenda kutoka upande wa Temeke mpaka upande wa Kurasini, wakageuka, wakarudi. Vibarua walitupa kifusi mbele yao, nao wakakizamisha. Mwanzo tope liliruka mpaka vifuani. Baadaye likaacha kuruka. Baadaye zaidi mlio wa visigino ukabadilika, ukawa na jibu chini yake, kama mlango unapogongwa na mtu yumo ndani. Wapagazi wa bandarini waliokuwa wanarudi kutoka Kurasini walisikia, wakatua mizigo, wakajiunga. Fundi cherehani wa Kigoa aliyekuja kutazama alivua soksi.

Adelard alikuwa amesimama ukingoni na shati lake jeupe, akitazama barabara ya mjini kila mara kama anayengoja askari. Mkewe Kokuberwa alimpita, akaingia, akacheza kwa mikogo ya kwao Bukoba, mikono imeinuliwa kama pembe, na wanawake wa Mtoni wakapiga vigelegele mpaka wakakosea hatua.

"Karani," Jamali akaita wakati safu ilipompita, "viatu vyako vina kibali?"

Adelard alivitazama viatu vyake. Akavivua, akaviweka pamoja vizuri juu ya nyasi, akaingia. Hakujua kucheza hata kidogo. Alikanyaga kama anayeua sisimizi, lakini alikuwa mtu mzito, na kila alipopita palishika.

Jua lilipozama waliacha, na kulipopambazuka walirudi, wachache wakikosa, wengi wakiwa wamezidi. Walikuwa bado wanakanyaga sauti iliposikika upande wa kaskazini. Adelard alichukua chuma chenye ncha alichokuwa akipimia, akakisukuma ardhini hapa na pale. Alikwenda urefu wote wa kiwanja akifanya hivyo, na watu walimfuata kwa macho. Mwisho alirudi mahali kile kitambaa cheupe kilipokuwa kimelala, akakikunja mara nne, akakitia kwapani.

Ndege ilishuka. Iligusa chini, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikapita mbele yao ikirusha changarawe, ikasimama. Rubani, Mwingereza kijana mwenye masharubu, alifungua mlango akakuta umati wa watu waliopakwa tope mpaka kwenye nyusi wakimtazama. Alimuuliza Adelard kitu kwa Kiingereza. Adelard akamjibu kwa maneno machache. Rubani alishuka, akapiga ardhi kwa kisigino chake, akakitoa kisanduku cha dawa na, badala ya kumpa karani, akamkabidhi yule kijana mwenye ngoma kiunoni. Watu hawakujua alikuwa ameambiwa nini. Adelard hakusema siku hiyo wala baadaye.

Bi Tabu alichomwa sindano tumboni siku baada ya siku, akiwalalamikia wauguzi kwamba mbwa alimwonea huruma kuliko wao. Alipona. Kovu lilibaki shavuni, naye akalizoea, hata akawa anawaambia wanawake wenzake kwamba ni chanjo ya uzuri.

Masika yalipokwisha na kusi ikaanza kuvuma, alitaka kupelekwa kiwanjani. Jamali alimwongoza, wakakata katikati. Walimkuta Adelard mbele ya kibanda chake cha bati, na Kokuberwa akawatolea viti. Bi Tabu alikuwa amechukua sinia la wali wa nazi na kamba waliotoka kwa Romani, akasema hakuja kushukuru kwa maneno kwa sababu maneno yote mazuri mwanawe ameyamaliza kwenye ngoma.

Walipokuwa wanakula, Adelard aliwapa habari aliyokuwa nayo. Serikali ilikuwa inapima ardhi kwenye barabara ya Pugu, kiwanja kikubwa, cha lami, cha ndege zitakazobeba watu wengi kama basi. Kikiwa tayari, hiki kitafungwa. Labda patajengwa maghala ya bandari, labda nyumba. Miaka michache tu.

Jamali alikuwa ameitaka habari hiyo tangu alipoanza kuota meno. Alidhani ingemkuta na kicheko. Badala yake alilirudisha tonge siniani, akatazama ule ukanda mwekundu ulionyooka, ambao nyasi zilikuwa bado hazijathubutu kuota juu yake. Hasira yake kwa Serikali haikuwa imekwisha. Serikali haikumwomba babu, ilimwarifu, na hilo lilibaki vilevile. Lakini ardhi haikuwa Serikali. Ardhi ilikuwa visiki alivyong'oa babu, na changarawe iliyoshikwa na kisigino cha Romani.

"Baba angesikia vizuri siku ile," Bi Tabu akasema, akichambua kamba, "angemfukuza yule tarishi. Wangeenda kutafuta uwanda kwingine, huko Bagamoyo. Na nyie leo mngekuwa mmekwisha nisomea hitima. Mie nayashukuru masikio ya baba yangu. Yalikuwa mabovu, lakini Mungu ameyatumia."

Kokuberwa akacheka mpaka akaweka sahani chini. Adelard hakucheka. Alisema, huku akitazama mikono yake, kwamba kabla ya lami kuna masika mengine, mawili au matatu, na lile pipa la chuma limetolewa topeni likiwa limevunjika ekseli, na kwa kiwanja kinachokaribia kufa hakuna atakayeagiza jingine. Alisema atakuwa na kitambaa chake tu.

Jamali akanawa mikono. Akasimama, kwa sababu jambo alilotaka kulisema halikuwa la kusemwa mtu ameketi.

"Karani, mvua ikianza, usikitandike kitambaa chako. Nitumie mtu. Akinikuta kwenye harusi yangu mwenyewe, nitatoka na ngoma. Akinikuta ninaumwa, nitabebwa na kitanda nipige nimelala. Na Papa nitakwenda kuwaita mie, kwa miguu yangu, na wakitaka niimbe tena nitaimba. Mpaka siku watakayoifunga njia hii, hakuna ndege itakayogeuka na dawa ya mama wa mtu kwa sababu ya tope la Temeke. Nakuahidi, Adelard, na mama yangu anasikia."